Nukta Nyekundu Chini ya Sahani

Mama yangu mkubwa Habsah, ambaye kijiji kizima humwita Mak Long hata wasio na undugu naye, hajui kutupa kitu. Msinielewe vibaya. Hana mkono wa birika. Nyumbani kwake hajatoka mtu na njaa. Lakini kopo la maziwa likiingia kwake limepata makao. Maziwa yakiisha, kopo linatobolewa matundu mawili, linatiwa kamba, linakuwa la kubebea kahawa kutoka dukani kwa Ah Seng. Likianza kutu linapimia chakula cha kuku. Likitoboka chini linapandwa mchaichai. Likioza kabisa linafukiwa shinani mwa mnazi, eti mnazi unapenda chuma. Sijui kama mnazi unapenda chuma, lakini wake unazaa kuliko wangu.

Nililelewa mikononi mwake, kwa kuwa mama yangu alikuwa akishinda kwenye mashamba ya mpunga ya watu. Siku hizo samaki alitoka sokoni amefungwa kwenye jani la mgomba, tambi za kukaanga hivyo hivyo, na jani lenyewe likaliwa na mbuzi. Ukoko wa wali ulianikwa juani, ukakaangwa, ukawa ndio biskuti zetu. Chupi zetu zilishonwa kwa mifuko ya unga, na binamu yangu Salmah, binti yake Mak Long, alianza shule akiwa na kichwa cha jogoo mwekundu matakoni, chapa ya kiwanda, kwa sababu rangi ile haikutoka hata kwa kuchemshwa. Takataka za nyumba nzima zingeenea kwenye kifuu cha nazi, nazo zilikuwa maganda ya vitunguu.

Sisemi maisha yalikuwa asali. Tulikuwa na minyoo, tulikuwa na mapele, na mimi nilikwenda shule peku mpaka nyayo zikawa kama ngozi ya ngoma. Lakini ule uwanja wetu naukumbuka, mweupe, umefagiwa, huoni hata kipande cha karatasi. Nikiutazama mtaro wa leo uliozibwa na mifuko natamani kulia, na siku nyingine nalia kweli. Mume wangu husema ni uzee. Na uwe uzee.

Basi siku hizo hakuna nyumba iliyokuwa na sahani za kutosha karamu. Ukiwa na harusi au hitima, kila mwanamke alikuja na sahani zake kichwani, zimefungwa kwenye kitambaa, na ili zisipotee, kila nyumba ilikuwa na alama yake chini ya sahani. Nyumba ya mwadhini iliweka mwezi mwandamo. Nyumba ya mama yangu ilikuwa na mistari mitatu. Ah Seng naye aliazima za dukani kwake, chini zimeandikwa Kichina, na hizo hazikuwahi kugombewa maana hakuna aliyejua kuzisoma. Karamu ikiisha, wanawake walikaa kwenye vigoda nyuma ya jiko, kando ya kisima, wakasugua kwa makumbi ya nazi na majivu, kisha wakaanza kugeuza. Geuza, tazama, weka huku. Geuza, tazama, weka kule. Nitawaambia jambo: wanaume walidhani kijiji kinaendeshwa msikitini, lakini kiliendeshwa pale penye sahani. Pale ndipo posa zilipopangwa, ndipo mke mkorofi aliposemwa mbele ya uso wake, na ndipo waliokosana walipokalishwa karibu karibu mpaka mmoja akacheka.

Ng'ambo ya mtaro, katika nyumba iliyotazamana na ya Mak Long, aliishi Tijah. Waliolewa mwaka mmoja, wakazaa pamoja, wakawa hawapitishi siku bila sahani kuvuka ule ubao uliowekwa mtaroni. Leo mchuzi unakwenda huku, kesho sahani inarudi na ndizi, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata sahani za karamu walinunua siku moja, kwa muuzaji yule yule wa baiskeli, zenye maua madogo ya buluu ukingoni. Wakachanga na chupa moja ya rangi ya kucha, nyekundu, ya kuwekea alama.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Mak Long aliweka nukta moja kwenye sahani zake, akampelekea Tijah chupa. Tijah alikuwa ndani ya arobaini ya uzazi, kichwa hakiko pamoja, naye akaweka nukta moja. Kila mmoja alidhani mwenzake ataweka alama nyingine. Walipogundua walicheka hadi wakakaa chini. Wakaamua basi, wewe na mimi kuna nini, tutagawana nusu kwa nusu. Na wakawa wanagawana hivyo, karamu baada ya karamu, bila neno.

Mpaka ilipofika harusi ya shangazi yangu mdogo. Mimi nilikuwa kigoli wakati huo, nilikuwa pale pale na makumbi mkononi. Walipomaliza kugeuza, sahani moja ya nukta ilikuwa imepasuka katikati. Mak Long alikuwa amechoka, amepika tangu alfajiri, na mdomo wake hata asipochoka hauna breki. Akasema kwa sauti, wanawake wote wakisikia, "Iliyovunjika si yangu. Wenye mikono ya siagi wanajijua."

Tijah alikuwa mtu wa kudondosha vitu, hilo kila mtu alilijua, na ndiyo maana lilimkata maini. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni, akasema, "Zichukue zote, dada Habsah. Zote. Si nukta ni yako?" Akaondoka. Lakini jioni alituma binti yake kuchukua nusu yake, na Mak Long akampa, ile iliyopasuka ikiwa juu kabisa.

Kwa desturi yangeisha kwenye karamu iliyofuata. Wangekalishwa kwenye vigoda, wangegeuza pamoja, mmoja angecheka. Lakini karamu iliyofuata ilikuwa ya mtoto wa mzee wa kijiji, aliyekuwa na kazi nzuri mjini, naye alileta mpishi wa kukodi na sahani nyeupe nyepesi za kutupa. Tulishangaa sana! Hakuna kuosha! Wanawake tulikaa mbele na wageni kama mabibi wakubwa, hatujui mikono tuiweke wapi. Na iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, hadi kwenye vigoda hakukaliwa tena. Habsah na Tijah wakaendelea kupeana salamu za msibani na za Idi, za mdomoni tu, na sahani hazikuvuka tena mtaro.

Sasa mwaka jana Salmah anamwoza binti yake Nurin. Akaja kutoka mjini na mipango yote kwenye simu.

"Mama, mpishi analeta kila kitu," alisema. "Chakula, turubai, sahani, hata vikombe vya maji vilivyozibwa. Wewe kazi yako ni kuvaa upendeze."

"Sahani gani?" Mak Long aliuliza.

"Zile nyepesi. Watu wakila unakunja, unatia kwenye mfuko, kwisha kazi."

"Mfuko unakwenda wapi?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu, mwanangu. Unakwenda wapi?"

Sote tulijua unakokwenda. Unakwenda nyuma ya nyumba na kupigwa kiberiti. Harusi ya mwisho hapa kijijini, moshi wake ulinukia hadi kwenye mashuka yangu, na mbuzi wangu alikula kipande cha sahani, akavimba tumbo, akafa. Mbuzi jike, tena mwenye mimba. Sijasahau wala sitasahau.

"Nani ataosha?" Salmah alisema. "Wewe na hilo goti lako?"

"Nitaosha mimi na Kiah."

Kiah ndiye mimi. Sikuwa nimeulizwa, lakini niliitikia kwa kichwa kwa ajili ya yule mbuzi.

Salmah si mtu mbaya. Alishika tama, akafikiri, akasema, "Haya. Zikitosha sahani, sawa. Zisipotosha nisisikie neno, mpishi ataleta zake."

Alipoondoka, tulivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda cha Mak Long na kufungua zile za maua ya buluu. Alizifuta moja moja kwa pindo la baju yake, lile vazi letu refu. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwa amewahi kuniambia, naye si mwepesi wa kusema ya moyoni. "Kiah, nataka kula karamu ya sahani mara moja zaidi. Nataka kukaa pale kisimani nisikie kelele zile. Halafu Mungu anichukue akitaka." Nilimwambia asiseme mambo ya kufa mbele ya harusi.

Tukaanza kuhesabu. Zake, zangu, za msikitini, za mjukuu wa mwadhini. Hazikutosha hata kidogo. Wengi walikuwa wamezigawa, wamezivunja, wamepandia maua. Mtu mmoja tu aliyebaki kijijini alikuwa na rundo kubwa, na hakuna haja ya kuwaambia ni nani.

"Nenda wewe," Mak Long aliniambia. "Wewe na yeye hamkugombana."

Nikaenda. Tijah alikuwa ngazini, anaanika ukoko wa wali kwenye ungo, maana naye ni wa enzi zile zile. Alinisikiliza hadi mwisho, hakuinua uso. "Mwambie mwenye shida ana miguu," alisema.

Nilirudisha maneno kama yalivyo.

"Na mwenye sahani ana mdomo mchafu!" Mak Long alifoka. "Sitoki! Afadhali watu wale kwenye majani ya mgomba!" Na kweli alinituma nikatazame migomba, lakini upepo ulikuwa umeichana yote, jani zima hakuna.

Alinuna siku mbili. Ya tatu nilimkuta jikoni amepika wali wa kunata wa manjano, ule wa sherehe, na nyama ya kukaushwa kwa nazi juu yake, ameupakua kwenye sahani moja ya maua ya buluu na kuufunika kitambaa. Amevaa shela yake ya Idi. "Usinitazame hivyo," alisema. "Nishike mkono, hili goti."

Ilibidi tuzungukie barabarani. Tijah alituona tangu mbali, nami nilimwona akijifanya hatuoni.

"Asalaamu alaykum," Mak Long alisema chini ya ngazi.

"Waalaykumu salaam. Umepotea njia, dada Habsah?"

"Nimezunguka. Ubao wa mtaroni umeoza."

"Umeoza kwa kuwa hakuna anayepita."

Mak Long alinitazama. Nilidhani atageuka tuondoke. Akainua ile sahani kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu anaolewa," alisema. "Nakuomba sahani zako, na nakuomba na wewe mwenyewe uje."

Tijah alishuka, akapokea, akafunua kitambaa, akanusa. "Chumvi haikutosha."

"Hujaonja hata!"

"Pua yangu naijua." Akapanda ngazi na ile sahani. Mlangoni alisimama, hakugeuka. "Sahani yako nitaileta," alisema, akaingia ndani.

"Hajasema ndiyo," nilinong'ona njiani.

"Wala hajasema hapana," Mak Long alijibu. Lakini usiku nililala kwake kwa maandalizi, nikamsikia akijigeuza hadi kucha, na asubuhi ya harusi alikuwa wa kwanza kwenda kusimama barabarani.

Wali ukaiva. Mchuzi wa ng'ombe ukaiva, na ule wa mafenesi machanga. Hakuna Tijah. Mpishi alikuwa na maboksi ya sahani nyeupe tayari ndani ya gari lake, na Salmah alikuwa akimtazama mama yake, kisha simu, kisha mama yake. Tulianza kusikia matari ya upande wa bwana harusi yakija kwa mbali. Salmah alimgusa mama yake begani, kwa upole kweli, na kusema, "Mama, niache nimwambie azitoe."

Mak Long aligeukia barabara. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kushindwa, na moyo uliniuma kwa ajili yake.

Ndipo gari la mizigo la mkwewe Tijah lilipokata kona, polepole, kama limebeba mayai. Nyuma yake, juu ya kiti cha plastiki, amekaa Tijah mwenyewe, kashika mwavuli, na vikapu vya sahani vimefungwa kwa kanga kuukuu. Mapajani alikuwa na sahani ya Mak Long, imejaa ndimu mbichi.

"Vyombo hivyo hapo," alisema kabla hata gari halijasimama. "Mkinivunjia nitawala nyama."

Sitawasimulia harusi. Nurin alipendeza, bwana harusi alitoka jasho, wazee walikula mara mbili wakasema hawajala. Ninachotaka kuwaambia ni ile sauti ya vidole na vyombo, watu wengi wakila pamoja kwenye sahani za kweli. Nilikuwa nimeisahau. Sahani nyepesi hazina sauti. Nilisimama na bakuli la mchuzi mkononi nikisikiliza mpaka mtu akaniuliza kama ninaumwa.

Alasiri tukatoa vigoda kisimani. Nilidhani tutakuwa watatu, lakini walikuja wanawake wengi, wengine vijana kabisa hawajawahi kushika makumbi, wakiuliza majivu ni ya nini. Kelele zikaanza. Mmoja akaanza kumsema mume wake, mwingine akamtetea kupita kiasi, na wote wakamgeukia huyo. Hata Salmah alikunja mikono ya gauni lake la hariri akaingiza mikono kwenye karai. Tijah alikaa upande mmoja, Mak Long upande wa pili, hawajasemeshana.

Sahani ikamponyoka Salmah. Ilipiga ukingo wa kisima na kupasuka vipande viwili, ya maua ya buluu. Sisi wa zamani tulinyamaza ghafla, na vijana wakanyamaza kwa kutuona sisi.

"Samahani, Mama," Salmah alisema. "Sijui ni ya nani."

Mak Long alikiokota kipande kikubwa. "Itakuwa yangu," alisema haraka. "Andikeni ni yangu, yaishe."

"Igeuze," Tijah alisema.

"Nigeuze nione nini? Zote nukta moja."

"Igeuze, dada Habsah."

Akaigeuza. Nukta moja nyekundu. Tijah naye alichukua sahani iliyokuwa mapajani mwake, akaigeuza, akamwonyesha. Zilikuwa nukta mbili. Akageuza nyingine, mbili. Nyingine, mbili. Rangi imepauka kwa miaka, lakini nukta zinaonekana, ya pili imewekwa vizuri kando ya ya kwanza.

"Hii umeiweka lini?" Mak Long aliuliza.

"Kesho yake."

"Kesho ya lini?"

"Ya siku ile uliyosema nina mikono ya siagi. Chupa si ilibaki kwangu? Nilikaa ngazini nikaziweka zote. Nikajisemea, basi, karamu ijayo akigeuza ataona mwenyewe, tutacheka yaishe." Tijah alisugua sahani ambayo tayari ilikuwa safi. "Nikangoja karamu."

Mimi niliona ile karamu ya mtoto wa mzee wa kijiji, sisi tumekaa mbele kama mabibi wakubwa, tunafurahia kutoosha, na huyu mwanamke amekaa miongoni mwetu anasubiri sahani zigeuzwe. Nililia pale pale, povu mikononi, wala sikuona haya.

"Miaka yote hiyo ulishindwa kuniambia?" Mak Long alisema.

"Na wewe ulishindwa kuuliza?"

"Una kichwa kigumu, Tijah."

"Na chumvi haikutosha."

Mak Long ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika goti, Tijah akacheka kwa kumwona, na kelele za kisimani zikarudi zote kwa pamoja.

Jioni tulipanga sahani za Tijah kwenye vikapu vyake, na mkwewe akaja kuzipakia. Mimi nilikuwa nakunja kanga pembeni. Nilimwona Mak Long kwa macho yangu akichukua sahani moja ya nukta mbili kutoka kwenye kikapu, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaisukuma chini ya ungo wake. Gari likaondoka. Tijah alipunga mkono hadi lilipokata kona.

"Kiah," Mak Long alisema bila kunitazama, "kesho mtafute mtu atuwekee ubao mpya mtaroni."